MUNGU AMETUAHIDI NINI?

Darsa ya Ijumaa kwa Waislamu wa Beni na Butembo

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mfalme asiye na mshirika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote waliofuata njia yao. Ama baad.



Darsa ya leo imetokana na swali moja. Ijumaa moja baada ya swala, mama mmoja alinisubiri upande wa mlango wa wanawake. Ni mkimbizi wa vita, ametoka upande wa Oicha, anakaa mjini kwa watu waliompokea. Mume wake aliuawa kwa panga katika shamba lao la kakao. Jina lake silitaji. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Shehe, wiki iliyopita ulituambia Mungu amewaahidi ulinzi wale wanaomwamini. Baba wa watoto aliswali Alfajiri siku ile, ndipo akachukua chupa yake ya maji akaenda shambani. Ahadi hiyo iko wapi?"

Nilimjibu haraka, maana kulikuwa na watu wananingoja kwa habari ya ndoa. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kadari. Subiri." Akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, Shehe," akaenda zake. Ijumaa iliyofuata sikumwona.

Ndugu zangu, maneno niliyomwambia si uongo. Kadari ni nguzo ya imani yetu, na subira ni amri. Lakini niliyatoa kama mtu anayetoa noti ya franga mia mbili ili mwombaji aondoke mlangoni. Usiku ule nilijigeuza kitandani mpaka adhana. Tena nikaona kwamba kosa halikuwa katika jibu langu peke yake. Kosa lilianza wiki ile ya nyuma, juu ya mimbari, nilipowaahidi watu kwa jina la Mungu jambo ambalo Mungu mwenyewe hakuliahidi. Hilo ndilo nataka tulitazame leo.

MFALME NI MMOJA

Watu wa Beni na Butembo hatuna haja ya kufundishwa sana kwamba ufalme wa wanadamu hauna mizizi. Sisi wenye miaka hamsini na zaidi tulikua katika Zaire ya Mobutu, tukacheza na kuimba kwa ajili yake asubuhi shuleni. Mwaka 1997 Zaire ikaisha. Vita vilivyofuata vikatuletea utawala wa RCD-K/ML, wenye makao Beni, mpaka serikali ya mpito ya mwaka 2003. Mwezi wa Mei 2021 mkoa wetu ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi, gavana akawa jenerali. Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, na ofisi za mkoa zikahamia Beni. Nimeona ukuta mmoja ukipakwa rangi mara nne, kila mara kwa maandishi ya mkubwa mpya.

Katika Suratu Aal Imran, aya ya 26, tunafundishwa tumwite Mwenyezi Mungu kwa jina la Mwenye ufalme wote, ambaye humpa utawala amtakaye na humnyang'anya amtakaye. Mtoto wa madrasa anaijua aya hiyo kwa moyo. Sisi wa Kivu tumeiona kwa macho.

Na katika Suratul Hadid, aya ya 22, tunaambiwa kwamba hakuna msiba unaoipata ardhi au nafsi zetu ila ulikwisha kuandikwa kabla haujatokea. Wengi tunaishia hapo, tunafunga msahafu. Aya inayofuata ndiyo inayotoa sababu ya kuambiwa hayo: ni ili tusivunjike moyo kwa kilichotuponyoka, wala tusijivune kwa tulichopewa. Basi elimu ya kadari tumepewa iwe dawa ya moyo wa aliyefikwa. Hatukupewa iwe kifuniko cha kumnyamazisha.

Kuna jambo jingine ambalo wanachuoni wetu walilieleza zamani, nalo ni zito, nawaomba mlisikilize vizuri. Mapenzi ya Mungu yana namna mbili. Yako mapenzi ya kuumba na kuacha jambo litokee, ambayo hakuna kitu kinachoweza kutoka nje yake. Na yako mapenzi ya kuamrisha na kuridhia, yaani lile analolipenda na kulitaka kwetu. Si kila kinachotokea katika ufalme wake anakiridhia. Anasema katika Suratu Zumar, aya ya 7, kwamba haridhii ukafiri kwa waja wake, ingawa ukafiri uko na tunauona. Mwizi akivunja depo yako pale Butembo, wizi huo haukumshinda Mungu uwezo. Lakini Mungu huyo huyo ameuharamisha, na atamdai mwizi.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba waliouawa, waliuawa kwa sababu Mungu aliwapenda wauaji au aliwachukia waliouawa, mtu huyo amemzulia Mungu. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wamechinjwa mashambani na majumbani. Tunakumbuka Rwangoma, usiku wa tarehe 13 Agosti 2016. Waliofanya hayo, ADF, ambao wazee wengi bado wanawaita NALU, walitoka Uganda miaka ya 1990 wakajificha katika Ruwenzori na misitu yetu, na siku hizi wanajiita jeshi la Uislamu. Uislamu gani? Suratun Nisaa, aya ya 93, inamtaja anayemuua muumini kwa kusudi, na malipo yake ni Jahannam, ghadhabu na laana. Suratul Maida, aya ya 32, inaifanya roho moja isiyo na kosa kuwa sawa na roho za watu wote, na hapo haikuulizwa roho hiyo ni ya dini gani.

Sheikh Ali Amini, aliyewakilisha Waislamu wa Beni na kuwapinga wauaji hawa waziwazi, alipigwa risasi jioni ya tarehe 1 Mei 2021, ndani ya msikiti, katika swala, mwezi wa Ramadhani. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wasidanganywe na mtu anayekuja na takbir mdomoni na ahadi ya fedha au masomo mfukoni. Pili, jirani yako Mkristo akikutazama kwa woga kwa sababu ya kofia na kanzu, usimkasirikie upesi. Naye amezika. Msalimie wewe wa kwanza, na akifiwa nenda ukae naye matangani.

TUISOME AHADI KAMA MFANYABIASHARA

Sasa turudi kwenye swali la yule mama. Butembo ni mji wa biashara. Wako ndugu hapa wanaoagiza mali Dubai na Guangzhou, kontena inashuka Mombasa, inapita Uganda, inaingia Kasindi. Kontena ikifika, mwenye mali haanzi kupiga kelele. Anachukua karatasi ya mali, anasoma mstari kwa mstari: viatu katoni ngapi, vitenge vipande vingapi. Kilichoandikwa anakidai mpaka cha mwisho. Kisichoandikwa hakidai, hata kama alikiota njia nzima.

Na sisi tufanye hivyo kwa ahadi ya Mola wetu. Je, ameandika mahali popote kwamba anayeswali Alfajiri hatakatwa na panga? Mimi nimesoma Korani tangu utoto katika chuo cha marehemu baba yangu, nimeirudia mara nyingi, sikuiona ahadi hiyo. Nilichokiona ni kinyume chake. Suratul Baqara, aya ya 155, imetuonya mapema, tena kwa mkazo wa kiapo, kwamba tutajaribiwa kwa vitu vitano: woga kidogo, njaa, upungufu wa mali, upungufu wa roho za watu, na upungufu wa matunda.

Nawaomba muitazame orodha hiyo pole pole. Woga: nani kati yetu hajalala na viatu miguuni? Njaa: familia tatu katika nyumba moja, sombe bila mafuta, mama anasema ameshakula kumbe hajala. Mali: pikipiki zilizochomwa katika barabara ya Mbau kwenda Kamango, na gari zilizochomwa zikiwa na mali ya mwaka mzima. Roho: hizo mnazijua kwa majina. Tena matunda! Zamani nilidhani hilo la matunda limetajwa kwa Waarabu na tende zao. Siku hizi nikilisoma naona kakao. Naona maganda yaliyoiva yanaoza chini ya mti karibu na Mayi-Moya na Eringeti, mwenyewe yuko Beni mjini anabeba mizigo sokoni. Na bei ya kakao ilipopanda duniani mwaka 2024, tani moja ikapita dola 10,000, uchungu huo ukaongezeka: wengine walirudi mashambani kwa sababu ya bei hiyo, na wengine wao hawakutoka.

Basi aya hii haikuja kutuambia kwamba Mungu ametusahau. Inatuambia kwamba alituona kabla. Mwisho wake inamwagiza Mtume (s.a.w.) awape habari njema wenye subira, na aya mbili zinazofuata zinaeleza habari hiyo: wale ambao msiba ukiwafika hukumbuka kuwa wao ni wa Mungu na kwake watarejea, hao wana baraka za Mola wao na rehema yake, na ndio walioongoka. Hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi.

Na swali la yule mama si swali la kufuru. Masahaba waliliuliza. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, waliuawa Waislamu wapatao 70, akiwamo Hamza, ami yake Mtume. Mtume mwenyewe alijeruhiwa usoni, jino lake likavunjika. Watu wakashangaa, limetoka wapi hili? Mungu akalihifadhi swali lao katika Aal Imran, aya ya 165, tunalisoma mpaka leo katika swala. Akawajibu kwa ukali kidogo, kwa sababu pale wapiga mishale walikuwa wameacha kituo chao. Lakini hakuwatoa katika imani kwa kuuliza.

Ndugu, wala machozi hayavunji imani. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mtoto wake Ibrahim alilia, na Abdurrahman bin Awf akastaajabu kumwona analia. Akamfundisha kwamba hiyo ni rehema, kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Nabii Yaqub alilia mpaka macho yakawa meupe, na Mungu anasimulia habari hiyo bila kumlaumu. Kwa hiyo wale wanaowakemea wajane matangani, "nyamaza, unamkufuru Mungu," waache. Nami nimo.

Sasa, ni nini basi kilichoandikwa? Viko vingi, nataja vichache. Ameahidi kwamba hapotezi malipo ya watenda mema, hata hatua moja ya mguu katika njia yake. Ameahidi kwamba hakughafilika na wanayoyafanya madhalimu, bali anawacheleweshea mpaka siku ambayo macho yatakodoka (Ibrahim, aya ya 42). Kesi nyingi za mauaji ya kwetu hazijafika mahakamani, na nyingine faili limepotea. Kwa mwenye kufiwa, aya hiyo ina maana kwamba kuna faili moja ambalo haliwezi kupotea. Hilo halituondolei wajibu wa kudai haki hapa hapa duniani, kwa njia ya sheria.

Na ameahidi katika Suratu Sharh kwamba wepesi uko pamoja na uzito, akairudia mara mbili. Mwalimu wangu alikuwa akitusimamisha hapo. Akituambia tutazame neno "maa", maana yake ni "pamoja na". Haikusemwa "baada ya". Sisi tunangoja vita viishe ndipo tuone wepesi, na wepesi unaweza kuwa uko ndani ya nyumba tayari: jirani aliyefungua mlango saa nane ya usiku bila kuuliza dini yako, mwalimu aliyempokea mtoto wako darasani bila pesa ya shule. Vinaitwa vidogo na asiyevihitaji.

KUFUNGA NGAMIA

Liko kosa la pili, nalo ni kinyume cha lile la kwanza. Mtu anasema, "Kwa kuwa Mungu ni Mfalme na yote yameandikwa, mimi naenda tu." Hiyo siyo tawakkul. Bedui alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia bila kumfunga na kutegemea, akamwamuru amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Na tutazame Hijra. Mtume alikuwa na ahadi ya Mungu mkononi, hakuna mwanadamu mwenye ahadi kubwa kuliko yake. Hata hivyo alitoka usiku. Madina iko kaskazini ya Makka, yeye akaelekea kusini, akajificha siku tatu katika pango la Thawr. Alipanga mtu wa kuwaletea habari za mjini, na akamkodi kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Mwislamu, kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Basi wewe unayeambiwa na vijana wa kijiji kwamba nyayo zimeonekana mtoni, ukaenda shambani peke yako kwa jina la tawakkul, umeipata wapi sunna hiyo? Najua njaa inasukuma. Najua mtoto anataka chakula leo, si kesho. Mimi siwezi kukaa mjini nikamhukumu aliyesukumwa na njaa. Lakini angalau tusiibandike jina la dini hatari tunayoweza kuiepuka.

Hapa lazima niseme la kwangu. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia Mangina, mimi sikuamini upesi. Mji ulijaa maneno: ni biashara, ni siasa. Na uchaguzi wa Desemba ulipoahirishwa kwetu Beni na Butembo kwa sababu ya ugonjwa huo na usalama, maneno yakazidi. Msikitini tuliletewa ndoo ya maji yenye dawa. Mimi niliipita. Nikawapa watu mkono kama kawaida, nikasema Mungu ndiye mlinzi. Kijana mmoja wa darasa langu, mpole sana, akaniuliza, "Mwalimu, mbona usiku unafunga mlango kwa komeo?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nikanawa.

Kitu kilichotusumbua zaidi Waislamu kilikuwa maiti. Tumezoea kumwosha maiti wetu kwa mikono yetu, na maiti wa Ebola ndiye mwenye hatari kuliko mgonjwa aliye hai. Zilikuja timu za mazishi na nguo zao nyeupe na mifuko, watu wakawapiga mawe. Tulikaa na masheikh wenzetu, tukafungua vitabu. Wanachuoni wa zamani walikwisha sema kwamba kuosha kukiwa na madhara, wajibu huo unaondoka, inabaki tayammum ikiwezekana, na isipowezekana maiti anaswaliwa hivyo hivyo. Tukaswalia majeneza kwa mbali, ndugu wakiangalia. Ilikuwa vigumu. Lakini dini yenyewe ilikuwa na nafasi hiyo tangu zamani, ni sisi tuliokuwa hatujaisoma.

Tena tulikuwa na mfano mkubwa. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa anakwenda Sham, akafika mahali panapoitwa Sargh, akaambiwa kwamba tauni imeingia huko. Akafanya shauri na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, halafu akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anatoka katika kadari ya Mungu anaingia katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyekuta bonde lenye pande mbili, moja lenye majani na moja kavu: popote atakapochunga, ni kwa kadari. Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf na hadithi ya Mtume kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikiwakuta ndani msitoke kwa kuikimbia. Bukhari na Muslim wameipokea. Wataalamu walipotuambia tusitoke na mgonjwa Butembo kumpeleka kwa jamaa Goma, walikuwa wanatuambia jambo tuliloambiwa miaka 1,400 nyuma.

Na mwisho wa habari hiyo ni huu: Abu Ubayda, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, alibaki Sham na watu wake, akafa kwa tauni hiyo hiyo ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra. Umar alirudi akaishi. Wote wawili walikuwa chini ya Mfalme mmoja, na hakuna aliyevunjiwa ahadi. Ebola ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Wengi wao tunawajua. Mtume amesema anayekufa kwa tauni akiwa na subira ana malipo ya shahidi, tunataraji hivyo kwao. Yuko pia daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliyeacha watoto wake akaja kututibu, na tarehe 19 Aprili 2019 akauawa kwa risasi Butembo, hospitalini. Deni hilo liko juu ya mji wetu.

NILIRUDI KWA YULE MAMA

Baada ya wiki mbili nilikwenda kumwona, pamoja na mke wangu, maana alikuwa bado katika eda ya miezi minne na siku kumi. Tulimkuta anachambua maharage. Sikumhubiria. Nilimwambia, "Mama, nilikujibu vibaya. Nilisema jambo ambalo Mungu hakulisema, kisha nikakulaumu wewe kwa kuliuliza." Akanyamaza muda mrefu. Mke wangu akachukua ungo akaanza kumsaidia.

Nikamweleza habari ya Ummu Salama. Mume wake, Abu Salama, alijeruhiwa Uhud, jeraha likamrudia, akafa. Mtume alikuwa amewafundisha kumwomba Mungu malipo ya msiba na badala iliyo bora. Ummu Salama akaisema dua hiyo, lakini moyoni alijiuliza, nani atakuwa bora kuliko Abu Salama? Alisema dua na swali akiwa nalo. Mungu hakumngojea mpaka swali liishe. (Nawaomba, ndugu, msimwambie mjane matangani kwamba atapata mume bora. Hilo ni la Mungu kulifanya, si letu kulitangaza.)

Ndipo mama akafungua yaliyokuwa moyoni, na hayakuwa mambo ya elimu ya kadari tena. Marehemu alikuwa amechukua pesa za mnunuzi wa kakao kabla ya mavuno, na mnunuzi anazidai. Ndugu wa marehemu wameanza kulizungumzia shamba kana kwamba yeye na watoto hawapo. Mtoto mkubwa amefukuzwa shule. Nikaona kwamba nilipokuwa ninatafuta kumwonyesha ahadi ya Mungu katika aya, sehemu kubwa ya ahadi hiyo ilikuwa imewekwa mikononi mwetu, nasi tumeikalia. Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 10, kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma wanajaza moto matumboni. Ameandika fungu la mjane mwenye watoto, thumni, baada ya deni kulipwa. Hayo yameandikwa kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na sisi ndio tuliopewa mali tuifikishe.

Tumekwisha kukaa na ndugu wa marehemu mara mbili, mbele ya wazee na shefu wa kijiji chao ambaye naye amekimbilia mjini. Mnunuzi, Mungu ambariki, amekubali kungoja mpaka msimu mwingine. Habari ya fungu la watoto bado haijakwisha, na Jumanne tunakaa tena baada ya Alasiri.

Wajane wa namna hiyo katika orodha ya msikiti ni wengi kuliko mfuko wetu. Kuanzia Ijumaa ijayo sanduku la pili litakuwa upande wa kulia wa mlango, kwa ajili yao na kwa ajili ya pesa za shule za watoto. Asiye na pesa alete mihogo, maharage, mkaa au nguo. Mwenye kujua sheria ya ardhi na kuandika Kifaransa vizuri, tunamhitaji zaidi kuliko mwenye mkaa. Akina mama watapokea vitu upande wao, mke wangu na wenzake watakuwepo baada ya swala. Majina ya wanaotoa hayatasomwa, na ya wanaopokea hayatasomwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.